Nakala Mia, Shahidi Mmoja

Jiwe la kaburi la baba wa babu yake mama mkwe wangu, katika kaunti ya Manitowoc, Wisconsin, linaeleza kwa Kijerumani kwamba marehemu alizaliwa mwaka 1826 huko Neuhof, Mecklenburg-Schwerin. Kwa familia ile maneno hayo yalikuwa yamemaliza mjadala. Mahali pametajwa, pamechongwa kwenye jiwe, nani abishe? Lakini Mecklenburg ilijaa Neuhof. Bwana mwenye ardhi akianzisha shamba lingine aliliita Neuhof, yaani shamba jipya, na jirani yake naye akafanya vivyo hivyo. Ukifungua kamusi ya Meyers ya miji na vijiji, iliyotolewa mwaka 1912 na ambayo hadi leo ni tegemeo la anayetafuta kijiji cha Ujerumani ya zamani, Neuhof zinafuatana safu kwa safu, na hakuna alama ya kukuonyesha ipi ni yenu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mecklenburg sina nayo nasaba isipokuwa kupitia kwa wanangu. Niliingizwa katika kazi hii ya kutafuta Neuhof ya familia kwa sababu naweza kusoma mwandiko wa Wajerumani wa zamani, na mwandiko huo nilijifunza Dar es Salaam. Kabla ya kuolewa nilikuwa nikiwasaidia watafiti waliokuja kwenye nyaraka za taifa, pale Upanga, kusoma majalada ya enzi ya Wajerumani. Barua nyingi zimepigwa taipu, lakini rasimu na maelezo ya pembeni yako kwa mkono, kwa mwandiko wa kale unaoitwa Kurrent, usiofanana hata kidogo na tuliofundishwa shuleni. Herufi e inaonekana kama n. Nayo n inafanana na u, ndiyo sababu u huwekewa kikombo kidogo juu yake. Herufi h imeshuka chini ya mstari kwa kitanzi kirefu, na s ziko za aina mbili, moja ya katikati ya neno na moja ya mwisho. Mzee mmoja wa nyaraka, mtaratibu sana, aliniambia nisijaribu kuusoma mpaka mkono wangu uweze kuuandika. Nikawa nanakili kurasa nzima kwa penseli bila kuelewa neno, herufi baada ya herufi, hadi siku moja maneno yakaanza kujitokeza yenyewe. Ujerumani yenyewe iliacha kuufundisha mwandiko huo mwaka 1941, na Wajerumani wengi wa leo wanashindwa kusoma barua za bibi zao.

Siwezi kuutazama mwandiko huo bila kukumbuka nilikoukuta kwanza. Kwa herufi zile zile niliona maagizo ya kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na orodha za vibarua wa mashamba ya Usambara walioandikwa jina moja moja tu, bila baba, bila mji. Nilipofungua kitabu cha ubatizo cha kijiji cha Mecklenburg nilitazamia kukutana na watu wa upande wa wenye amri. Nilikutana na vibarua. Ukurasa baada ya ukurasa, kazi ya baba: kibarua, kibarua, mchungaji wa kondoo, kibarua. Hilo halikufuta niliyoyasoma Upanga, na sidhani kuna haja lifute. Lilinifanya nitake kuwajua watu wale.

Aliyeanzisha utafutaji ni wifi yangu wa Milwaukee. Alikuwa na sanduku la vyeti, picha na kumbukumbu za sensa za Marekani. Sensa ya mwaka 1900 ni hazina kwa mtafutaji, maana iliuliza kila mhamiaji aliingia nchini mwaka gani, lakini kuhusu alikotoka karani aliridhika na neno Germany. Alikuwa na kitu kingine pia: mstari mmoja kutoka katika orodha ya abiria wa Hamburg wa mwaka 1856. Jina la baba wa babu, umri, mke, watoto wawili, kazi kibarua, kwao Mecklenburg.

Orodha hizo za Hamburg ni bahati kubwa. Bandari ile ilizitunza tangu 1850 hadi 1934 na zipo. Bremen, ambayo ilipitisha wahamiaji wengi zaidi, ilianza kuandika orodha mwaka 1832, lakini ofisi zilipokosa nafasi, orodha za zamani ziliteketezwa, na nyingine zikapotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Zilizobaki ni za kuanzia 1920 hadi 1939, na zimenakiliwa jina kwa jina na wanachama wa Die Maus, chama cha nasaba cha Bremen, kwa kujitolea. Mwenye babu aliyepitia Bremen katika karne ya 19 hana budi kumtafuta ng'ambo ya pili, katika orodha za New York, Baltimore au New Orleans, ambako makarani waliandika kwa kusikia.

Wifi alinipa mstari wake, nami nikamwomba ukurasa mzima. Hapo ndipo kazi ilipogeuka. Faharasa za siku hizi zinakupa mtu wako peke yake, amekatwa kutoka kwa waliomzunguka kama uzi uliochomolewa katika nguo. Ukurasa ulikuwa na familia nyingine nne mfululizo baada ya yake, zote kibarua, zote Mecklenburg. Tukayachukua majina yale manne tukarudi nayo Wisconsin, kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa la Kilutheri alikozikwa mzee. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa Marekani alibatizwa mwaka 1858, na wasimamizi wa ubatizo wake wawili kati ya watatu walikuwa na majina ya ukoo tuliyoyaona kwenye ukurasa wa meli. Mtoto aliyefuata vilevile. Watu wale hawakukutana melini. Walitoka pamoja, wakapanda pamoja, wakanunua ekari jirani, wakabatiziana watoto.

Tangu siku hiyo sikumtafuta tena mtu mmoja. Namtafuta yeye na jirani zake, shahidi wa ndoa yake, msimamizi wa mwanawe, aliyemwekea dhamana ya shamba. Mhamiaji maskini huenda asiache karatasi hata moja inayosema alikotoka, lakini katika kundi alilosafiri nalo karibu daima yuko mmoja aliyeiacha.

Kwetu huyo alikuwa mwanamke, mmoja wa wale wasimamizi wa ubatizo. Katika sensa ya 1880 yeye na mumewe hawako tena Wisconsin. Wamehamia Iowa, kama wengi waliofuata ardhi ya bei nafuu upande wa magharibi. Wifi aliwaandikia wazao wake, na akajibiwa na mama mmoja wa makamo ambaye sasa namwita dada. Alikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa cha bibi yule. Ndani ya jalada la mbele, kwa Kurrent ya mkono usiozoea kalamu, yameandikwa majina ya wazazi, tarehe ya kipaimara, na jina la parokia.

Kitabu kilikuwa kimefungwa katika kitambaa chini ya kasha, na hakuna katika familia aliyekuwa amewahi kukionyesha kwa wageni. Dada alijua sababu. Tarehe 23 Mei 1918, katikati ya vita na Ujerumani, Gavana William Harding wa Iowa alitoa tangazo la kupiga marufuku lugha yoyote isipokuwa Kiingereza shuleni, katika mazungumzo ya hadharani, kwenye treni, kwenye simu, hata katika ibada. Mwezi Aprili wa mwaka huo huo, huko Collinsville, Illinois, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Robert Prager alikuwa ameuawa na kundi la watu waliomnyonga mtini. Wazee waliokuwa wakisali kwa Kijerumani tangu utoto walinyamaza. Baba wa mama mkwe wangu alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Mama, yaani mama mkwe, anasema alikufa akiwa na maneno machache tu ya lugha ya nyumbani kwao, na alipoulizwa asili yake alijibu kwamba wao ni watu wa Wisconsin. Ukimya wa aina hiyo haujazwi kwa kusoma. Hujazwa na mtu mwingine aliyehifadhi kitabu.

Parokia iliyotajwa iko katika mashamba yasiyo mbali na mji wa Güstrow, na miongoni mwa vijiji vyake imo Neuhof. Hata hivyo hatukusherehekea mpaka tuzikute familia zote tano katika vitabu vyake. Familia moja kuwa na jina linalofanana katika parokia yenye Neuhof ni jambo linaloweza kutokea kwa nasibu. Familia tano zilizokaa jirani kwenye ukurasa wa meli, na zote zikatoweka katika vitabu vya parokia ile baada ya 1856, si nasibu tena.

Wa nne kuingia katika kundi letu ni mwalimu mstaafu wa Rostock anayejitolea kuwasomea watu vitabu vya parokia za eneo lake. Yeye tunamwita Mwalimu, naye amelizoea jina hilo hadi anatia saini nalo. Tulikubaliana utaratibu ambao naupendekeza kwa yeyote: kila ukurasa wasome watu wawili, kila mmoja peke yake, na asimwonyeshe mwenzake alichosoma mpaka wote wamemaliza. Kwanza tunaandika herufi zilivyo, pamoja na makosa ya karani. Ndipo tunafasiri. Kisha kila tamko linakaa kwenye jedwali na picha ya ukurasa lilipotoka, na aliyelisoma anajulikana.

Utaratibu huo ulitufunza jambo ambalo sikulitegemea. Kwenye cheti cha ubatizo cha mtoto mmoja Mwalimu alisoma kazi ya baba kuwa Einwohner, yaani mkazi. Mimi nikasoma Einlieger. Neno hilo sikuwa nalijua. Niliona l, nikaona i, e, na g yenye mkia, nikaandika nilichokiona. Mwalimu aliurudia ukurasa akakiri kuwa jicho lake lilikuwa limesoma neno lililotarajiwa. Lakini maana ya neno ni yeye aliyenipa, na isingepatikana katika kamusi ya mfukoni. Einlieger alikuwa kibarua asiye na nyumba wala nafasi ya kudumu kwenye shamba la bwana, aliyepanga chumba kwa watu na kufanya kazi ya siku kwa siku. Hata yule mwenye nyumba ya shamba alibanwa, kwa kuwa pamoja na kazi yake na ya mkewe alitakiwa kumtoa mtu wa ziada wa kwenda kulima kwa bwana, na ni yeye aliyemlisha mtu huyo. Mgeni anaona kilichoandikwa, mwenyeji anajua kilimaanisha nini, na kwa muda mrefu mimi na Mwalimu tumefanya kazi juu ya tofauti hiyo.

Sasa niseme kuhusu nakala.

Mama wa mzee wetu alizaliwa mwaka 1801. Katika shajara za nasaba zinazozunguka miongoni mwa wazao wa familia zile, na ni nyingi mno, tarehe yake ya kuzaliwa ni 20 Julai. Zote zinakubaliana. Mtu akitaka uthibitisho anaoneshwa shajara nyingine, na nyingine, na nyingine, zote Julai. Lakini kitabu cha ubatizo kinasema 20 7br. Makarani wa zamani waliandika hivyo kwa kuufuata Kilatini, ambacho septem ni saba: 7br ni Septemba, 8br Oktoba, 9br Novemba, na Xbr Desemba. Mtu mmoja, zamani, aliiona saba akaandika mwezi wa saba. Waliobaki walimwandika yeye.

Chuoni Tanga, tukiwa watoto, maalimu alitufundisha kuuliza sanadi. Habari ikisimuliwa na watu wengi, ufuate mnyororo wao hadi juu. Wakiwa wote wanaishia kwa mtu mmoja, basi wingi wao haukuongeza kitu. Ni habari ya mtu mmoja. Sijapata kanuni iliyonifaa zaidi katika kazi hii. Nakala mia za tarehe ile ya Julai ni shahidi mmoja, na shahidi huyo hakujua kusoma alichokiona.

Zaidi ya hayo, dalili zilikuwapo. Kaka yake binti huyo alizaliwa Novemba 1800, katika kitabu kile kile, kurasa chache nyuma. Kutoka Novemba hadi Julai ni miezi minane, mama yule yule, mtoto aliyetimia. Yeyote aliyefungua kitabu angeshtuka. Tulitaka pia shahidi wa pili asiyemtegemea wa kwanza, na Mecklenburg-Schwerin inaye: sensa ya 1819, iliyoandika watu wa nchi nzima, mahali walipozaliwa na parokia yao. Binti yumo, ameajiriwa kama mtumishi wa ndani katika shamba jirani, na tarehe yake iko Septemba. Karani wa sensa hakuwa amenakili kitabu cha kanisa la kijiji kile, alimwuliza mtu. Mashahidi wawili waliokaa mbali wamesema neno moja. Kwangu hilo lina uzito kuliko shajara zote zilizokwisha kuandikwa.

Nimekutana na watu wanaoamini kwamba kushirikiana ni kupeana shajara. Mtu anachukua tawi zima la mwenzake kwa kubonyeza mara moja, anapata mababu wa karne tatu kabla ya chai ya jioni, na anashukuru kwa moyo mkunjufu. Nia ni njema na hasara ni kubwa, kwa sababu kosa likishanakiliwa linapata heshima ya umri. Tulipowaandikia wenye shajara zile kuhusu Septemba, wengi walisahihisha upesi. Wachache walijibu kwamba vyanzo vingi vinasema Julai.

Hadithi ya mabadiliko ya majina imeenea kwa njia hiyo hiyo. Familia nyingi za Marekani, ya mume wangu ikiwamo, husimulia kwamba jina lao lilikatwa na ofisa wa Ellis Island. Mzee wetu alitua New York mwaka 1856. Wakati huo wahamiaji walipokelewa Castle Garden, kituo kilichofunguliwa mwaka mmoja kabla. Ellis Island ilifunguliwa 1892. Na hata huko Ellis Island makarani waliwaita watu kwa orodha zilizoandaliwa na kampuni za meli bandarini walikotoka. Majina yalibadilika taratibu, mashambani na sokoni: mwalimu aliyeandika kwa Kiingereza alichosikia kwa Kijerumani cha pwani ya kaskazini, Müller aliyechoka kutaja herufi zake akawa Miller, Zimmermann akawa Carpenter mwaka 1918 ili majirani wamwache. Wenye majina ndio waliokuwa wakiamua, mara nyingi kwa sababu nzito.

Tukafika kwenye jambo ambalo wifi alitaka tulifiche. Orodha ya meli ina mke na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mmoja wa miaka miwili. Vitabu vya parokia vinao watoto wote wawili, 1851 na 1854, lakini mahali pa baba kuna mstari mtupu, na kwa kila mmoja neno la kuonyesha amezaliwa nje ya ndoa. Ndoa ya wazazi imeandikwa masika ya 1856, wiki chache kabla ya safari, na mchungaji ameongeza pembeni kwamba wanakwenda Amerika. Familia ya mume wangu ni Walutheri wa miaka mingi, watu wa kukaa kiti cha mbele. Mama alikuwa amekwisha kupita miaka themanini. Wifi aliona hakuna faida.

Mwalimu ndiye aliyetufungua macho. Alituandikia waraka mrefu, na kiini chake ni hiki. Utumwa wa ardhi ulifutwa Mecklenburg mwaka 1820, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa mabwana na mtawala mkuu wa nchi. Mtu hakuweza kuoa bila kuwa na haki ya makazi mahali fulani, na kwenye mashamba ya mabwana haki hiyo ilitolewa na bwana mwenyewe, aliyehofia kuongeza vibarua ambao siku moja wangezeeka na kuhitaji kulishwa. Akikataa, hakuna nyumba. Pasipo nyumba, hakuna ndoa. Vijana walipendana, wakazaa, wakaishi mmoja huku na mwingine kule, wakingojea ruhusa. Mwandishi wa Mecklenburg, Fritz Reuter, aliandika kisa kizima cha mashairi juu ya dhuluma hiyo katika miaka ya 1850, kiitwacho Kein Hüsung, kwa lugha ya vibarua wenyewe. Mtu akisema anaondoka nchini, kizuizi kilianguka, kwa maana bwana hakuwa tena na wa kumpa nyumba. Kwa hiyo ndoa na safari ziliandikwa katika msimu mmoja. Wapomerania walioanzisha Freistadt, Wisconsin, mwaka 1839 walikimbia kulinda ibada yao. Hawa walikimbia ili waoane.

Idadi ya Wajerumani walioingia Marekani mwaka 1854 ilipita 200,000, na mwaka 1882 ilifika takriban 250,000. Tarakimu za namna hiyo nilikuwa nimezisoma na hazikunigusa. Waraka wa Mwalimu ulinifanya nielewe kwamba ndani yake wamo watu waliovuka bahari kwa sababu walinyimwa chumba kimoja cha udongo na jiko.

Nilimwambia wifi kwamba habari hiyo nusu ni fedheha na habari hiyo nzima ni heshima, na kwamba hatuna haki ya kumnyima Mama nzima kwa kuogopa nusu. Tulimwendea pamoja. Hatukuanza na watoto. Tulianza na bwana na ruhusa yake. Nilimsomea ukurasa kwa Kijerumani, kisha wifi akafasiri. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza walingoja miaka mingapi. Tukamwambia kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa 1851 na ndoa ni ya 1856, kwa hiyo angalau mitano. Akasema, "Na hakumwacha." Kisha akaniomba nimwandikie jina la mke yule kwa mwandiko wa zamani, vile lilivyo kitabuni.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba habari nzito za ukoo zisipelekwe na mtu mmoja, wala zisipelekwe kabla ya kumpata anayejua mazingira yake. Mtu akisoma peke yake neno lile pembeni ya jina la mtoto atahukumu kwa desturi za nyumbani kwake. Ingekuwa mimi peke yangu, ningewahukumu wale watu kwa desturi za Tanga.

Mwalimu ana sababu yake ya kuwa mwangalifu namna hii, nayo aliieleza mara moja tu. Sheria ya Aprili 1933 iliwataka watumishi wa serikali ya Ujerumani wathibitishe kwamba hawana asili ya Kiyahudi, na baada ya sheria za Nuremberg za 1935 takwa hilo lilienea hadi kwenye ndoa na ajira za kila aina. Ofisi za parokia zilijaa maombi ya dondoo za ubatizo, na mamilioni ya familia wakajaza vitabu vya mababu. Kazi hii hii tunayoifanya kwa upendo ilitumika kuwachagua watu wa kufukuzwa na kisha wa kuuawa. Katika nyumba ya Mwalimu kiko kijitabu cha namna hiyo cha babu yake, kimepigwa mihuri kila ukurasa. Marafiki humwambia ana bahati, kazi yake ya ukoo ilifanywa zamani. Yeye hakihesabu kama ushahidi. Kila jina lililomo amelirudia kwenye kitabu chake cha asili, na kijitabu chenyewe amekiweka ili watoto wajue kilikuwa kwa ajili ya nini.

Kwa sasa tuna jambo moja mikononi. Watoto wawili walipanda meli Hamburg. Katika sensa ya 1860, Wisconsin, yupo yule mkubwa na wadogo zake waliozaliwa Marekani. Yule wa miaka miwili hayupo. Shajara zote tulizoziona hazimtaji kabisa, na si ajabu, maana mtoto asiyeacha kizazi hana wa kumnakili. Mama ameuliza alizikwa wapi. Sheria ya Marekani ya 1819 iliwataka manahodha waeleze idadi ya waliofia baharini, hivyo dada wa Iowa anasoma orodha za kuwasili New York za msimu ule, na hafuati faharasa, anafungua ukurasa kwa ukurasa. Wifi amepewa ruhusa ya kuona vitabu vya mazishi vya makanisa mawili ya Milwaukee, kwa kuwa familia nyingi zilikaa hapo kwanza kabla ya kupata shamba. Mwalimu anapitia barua zilizorudi kijijini kutoka Amerika, zile zilizohifadhiwa karibu naye. Mimi nasoma nyuma ya kila mmoja wao, peke yangu, kabla hajaniambia ameona nini.